Mkono Mtupu Haulambwi

Siku niliyorudi nyumbani Kihonda na shahada yangu ya uzamili ya saikolojia, mama aliua panya. Alimkuta nyuma ya ndoo ya unga, akamuwahi kwa mpini wa jembe, kisha akamning'iniza kwa mkia mbele yangu na kuniuliza: "Wale wako walikuwa wakubwa kama huyu?"

Nikasema wangu walikuwa weupe, macho mekundu, na kwamba mkia hatukuwa tunaushika.

"Sasa mlikuwa mnawashika wapi?"

Nikamwonyesha. Kiganja kimoja chini ya kifua, kingine kinabeba miguu ya nyuma. Mama alinitazama kama mtu anayepiga hesabu ya nauli aliyoitoa. Miaka miwili Ulaya, kubeba panya kama vichanga.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu wiki tatu zilizopita kijana mmoja anayesoma saikolojia mwaka wa tatu aliniandikia WhatsApp. Utafiti wake anataka uwe wa hofu: panya asikie kengele, halafu apigwe shoti ndogo ya umeme miguuni, mpaka ifike mahali kengele peke yake inamgandisha. "Kaka, nisaidie mambo mawili tu. Mashine ya shoti inapatikana wapi, na panya wangapi wanatosha?"

Nilidhani nitamjibu kwa mistari miwili. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena usiku. Kilichotoka ni hiki hapa, na nimekiweka hadharani kwa sababu si yeye peke yake anayeuliza.

Kwanza nieleze nilichokuwa nakifanya mimi. Maabara yetu ilitaka kujua kama kutenganishwa na mama utotoni kunaharibu kumbukumbu ukubwani. Vitoto vya panya vilitolewa kwenye kiota kwa muda wa saa tatu kila siku kwa majuma mawili ya mwanzo wa maisha yao, kisha vikarudishwa. Walipokuwa wakubwa tuliwaogelesha. Kuna dimbwi la duara ambalo Richard Morris alilibuni Scotland na kulichapisha mwaka 1981: maji yanatiwa unga wa maziwa au rangi nyeupe ili yasionyeshe ndani, na mahali fulani chini kidogo ya uso wa maji kuna kijukwaa. Panya hakioni. Anaogelea huku na huku mpaka miguu ikigonge, na baada ya siku kadhaa, akiwa na akili timamu, anatazama picha zilizobandikwa ukutani na kukiendea moja kwa moja. Sisi tunahesabu sekunde.

Dimbwi hili lilipendwa kwa sababu ya urahisi na, amini usiamini, kwa sababu ya huruma. Njia ya zamani ya kumfanya panya ajifunze njia ni njaa. Unampunguzia chakula mpaka abaki na asilimia 80 au 85 ya uzito wake wa kawaida, halafu punje moja ya chakula inakuwa mshahara mnono. Mkono mtupu haulambwi, wanasaikolojia walilijua hilo bila kufundishwa methali. Ndani ya dimbwi huhitaji kumshindisha mtu njaa wala kumpiga shoti. Maji yenyewe yanamhimiza. Panya anajua kuogelea, ila hapendi, na kila nilipomtoa nikamfunika taulo alikuwa anatetemeka mikononi mwangu hadi nimuweke chini ya taa ya joto. Huruma iko hapo, lakini si bure.

Walikuwa 48. Msimamizi alituonya tusiwape majina, kila mmoja alikuwa na namba iliyoandikwa mkiani kwa maka peni na kurudiwa kila ilipofutika. Wiki ya pili nilikuwa nimeshawapa wote majina ya mitaa na vitongoji vya Morogoro, kichwani mwangu, kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyekielewa. Mazimbu alikuwa mnene. Msamvu hakutulia. Chamwino aliuma. Kilakala hakuogelea.

Huyu Kilakala nimesimulia watu wengi. Ukimuweka majini hazami wala hatafuti. Anaelea, pua juu, anasubiri. Sekunde 90 zikiisha sheria ni kumwongoza kwa mkono hadi kwenye kijukwaa, na nafikiri siku ya tatu alishagundua kwamba mkono utakuja tu. Kwenye majedwali yetu aliandikwa ameshindwa kukumbuka. Mimi niliona panya aliyekumbuka vizuri kuliko wote, ila alichokumbuka ni mimi. Tulibishana nusu saa kama aondolewe kwenye hesabu. Akaondolewa. Kuna kipimo kingine kinachotumia maji, cha mtafiti Porsolt cha mwaka 1977, ambamo panya hana pa kutokea kabisa, na kuelea kwake kulisomwa miaka mingi kuwa ni kukata tamaa. Dawa nyingi za sonona zilipimwa humo. Siku hizi wengi wanauliza swali ambalo mvuvi yeyote wa bwawa la Mindu angeuliza tangu mwanzo: huyu amekata tamaa, au anatunza nguvu?

Tatizo la kwanza basi ndilo hilo, na limechanganya maadili na vitendo kiasi kwamba huwezi kuyatenga. Mnyama hajui unampima nini. Anajibu chumba kizima: mwanga (panya ni kiumbe wa usiku, sisi tulimpima saa nne asubuhi chini ya taa), harufu, kelele za feni, na zaidi ya vyote mkono unaomshika.

Nilipoanza kazi nilipokea zamu ya dada mmoja aliyekwenda likizo ya uzazi. Wiki niliyoingia, panya wale wale walianza kujisaidia ovyo na kuchelewa dimbwini. Nilidhani nimekosea joto la maji. Msimamizi akaniletea makala ya kikundi cha Jeffrey Mogil cha Montreal, ya mwaka 2014, akaiweka mezani bila neno. Waligundua kwamba panya wakiwa karibu na mtafiti mwanamume msongo unawapanda kiasi cha kuzima maumivu, na kwamba fulana iliyovaliwa na mwanamume ikiachwa tu chumbani inatosha kuleta athari hiyo. Wanawake hawakuwa na athari hiyo. Fikiria ni tafiti ngapi zimechapishwa bila kuandika nani alikuwa zamu! Tangu hapo nilikuwa nafika mapema, nakaa dakika 40 chumbani nikisoma, ndipo naanza kumgusa yeyote.

Kuna jambo la zamani zaidi. Mwaka 1963 Robert Rosenthal na mwenzake Fode waliwagawia wanafunzi 12 panya watano watano. Nusu ya wanafunzi waliambiwa panya wao ni wa ukoo wenye akili, nusu nyingine wakaambiwa wao wamepata mabozibozi. Panya walikuwa wa kawaida, wamegawanywa ovyo tu. Wale wa "akili" wakajifunza haraka zaidi. Wanafunzi hawakudanganya. Waliwashika kwa upole zaidi wale waliowaheshimu, basi. Sijui mwalimu yeyote wa shule ya msingi ambaye ukimsimulia hilo hatainamisha kichwa kidogo.

Na ile ya mkia niliyomwonyesha mama inatoka Liverpool, 2010. Jane Hurst na Rebecca West walionyesha kwamba panya wadogo wa maabara wanaookotwa kwa mkia wanakuwa na wasiwasi mwingi kuliko wanaobebwa kiganjani au kuingia wenyewe kwenye kijibomba. Kwa miongo mingi mkia ulikuwa ndiyo namna ya kumwokota panya, kila mahali. Wasiwasi wote uliopimwa kwenye maabara hizo, kiasi gani ulikuwa wa dawa na kiasi gani ulikuwa wa vidole viwili?

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Seymour Levine, miaka ya 1950, kwa sababu kinagusa utafiti wangu mwenyewe na kuutia ufa. Alitaka kujua kama shoti za utotoni zinamharibu panya ukubwani. Kundi moja lilipigwa shoti, la pili lilitolewa kiotani na kushikwa tu bila shoti, la tatu halikuguswa kabisa. Waliokua waoga kuliko wote ni wale wa tatu, wasioguswa. Miaka ikapita watu wakijiuliza kwa nini, mpaka kikundi cha Michael Meaney, mwaka 1997, kikaonyesha kilichojificha: kitoto kikitolewa muda mfupi kikarudishwa, mama yake anakilamba zaidi. Kulambwa kule ndiko kunatuliza homoni za msongo maisha yake yote. Tulikuwa tunadhani tunapima mkono wa mtafiti, kumbe ulimi wa mama.

Sasa rudi kwetu na saa tatu zetu. Kundi letu la kulinganishia lilikuwa lipi? Vitoto "visivyoguswa." Lakini tulivibadilishia maranda, tukavipima uzito, tukaviandika namba. Na panya mama porini haketi kiotani kutwa nzima, anatoka kutafuta chakula. Je, saa tatu ni uyatima, au ni safari ya sokoni? Niliuliza hivyo kwenye kikao. Nilijibiwa kwamba hivyo ndivyo inavyofanyika maabara zote, vinginevyo hatutaweza kulinganisha matokeo. Jibu lile lilikuwa sahihi na lilinikera vibaya.

Mwishoni wote 48 walitolewa ubongo, pamoja na Kilakala ambaye hakuwa kwenye hesabu. Katika makala za Kiingereza za fani hii wameandika miaka mingi kwamba mnyama "alitolewa kafara." Mara ya kwanza nilipokutana na neno hilo nilisimama. Kafara ninayoijua mimi ina Bismillahi na nia ya mtu, na nyama yake inagawiwa. Ile yetu ilikuwa na fomu, sindano, na mfuko wa njano wa kwenda kuchomwa.

Nilimsimulia mama haya yote jioni ile ya mpini wa jembe. Nilitegemea anicheke, muuaji yule wa jikoni. Hakucheka. Akanikumbusha hadithi ya Mtume ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Nikamwambia, mama, wewe mchana umemponda panya kichwa. Akasema panya ametajwa katika wale wanyama watano ambao Mtume aliruhusu wauawe, na amemuua pigo moja. "Kumuua ni jambo moja. Kumweka umtazame akihangaika ni jambo jingine. Wewe ulimweka umtazame."

Nilimjibu kwa jibu la darasani, kwamba kuna watoto walioharibiwa na upweke na huwezi kufungua ubongo wa mtoto ukaona kilichoharibika. Jibu hilo bado naliamini, kwa nusu. Watoto wa vituo vya yatima vya Romania wamefuatiliwa miaka mingi. Tangu mwaka 2000 pale Bucharest watafiti walifuatilia watoto 136, baadhi wakahamishiwa kwa walezi na wengine wakabaki, na kilichojulikana kuhusu akili na mapenzi ya mtoto kimejulikana kwao, si kwa panya. Utafiti ule nao una maswali yake mazito, lakini angalau mtoto wa Romania hahitaji kutafsiriwa. Kinachobaki kwa panya ni seli: homoni inapita wapi, jeni gani linazimwa. Hicho ni kitu halisi. Ila nikiwa mkweli, robo tatu ya panya nilioona wakipita katika jengo lile hawakufa kwa ajili ya seli. Walikufa kwa sababu mwanafunzi fulani, mimi nikiwemo, alihitaji kumaliza shahada.

Hapo ndipo ninapowakumbuka wale wa hapa hapa mjini. Morogoro, kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Sokoine, kuna panyabuku wa APOPO, shirika lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens na kuhamia hapa mwaka 2000. Wengi tunawajua kwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Wachache wanatambua kwamba kinachofanyika pale ni saikolojia ya kujifunza, ile ile ya kitabuni: sauti ya kliki, kisha chakula, mara mia, mpaka kliki yenyewe iwe tamu. Halafu kliki inatolewa kwa harufu sahihi peke yake. Miezi kama tisa hivi. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kupelekwa Cambodia, alinusa mabomu ya ardhini zaidi ya 70, akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020, akastaafu, akafa Januari 2022 kwa uzee.

Jirani yetu aliwahi kuwa mkufunzi wa panya kama hao. Ana kovu dogo kwenye kidole gumba na hadithi elfu. Nilimuuliza panya asipotaka kazi anafanywa nini. Akashangaa swali. "Anarudi kulala. Ukimlazimisha atakudanganya, atakwangua ardhi popote apate ndizi, na wewe utapita hapo na miguu yako." Nimesoma vitabu vingi vya maadili ya utafiti, kikiwemo kile cha Russell na Burch ambao mwaka 1959 walitupa ile misingi mitatu: badili mnyama kwa njia nyingine ukiweza, punguza idadi, boresha anavyotendewa. Hakuna kilichonieleza sababu vizuri kama miguu ya jirani yetu. Kule maabara, panya akinidanganya hakuna anayelipuka. Makala inachapishwa tu.

Msidhani nje ya kizimba mambo yanakuwa mepesi. Gombe, kule Kigoma sokwe walikochunguzwa porini, hakukuwa na kizimba, lakini kuanzia miaka ya mwanzo ya 1960 kulikuwa na ndizi, ili sokwe waje kambini waonekane vizuri. Wakaja wengi mno, wakapigana mno, na ndizi zikabidi kupunguzwa. Mkono uliofichwa ndani ya ndizi nao ni mkono.

Basi kijana wangu, jibu lako. Mashine ya shoti sijui inauzwa wapi na sitaitafuta. Kwamba panya hujifunza kuogopa kengele tunalijua tangu bibi yako hajazaliwa, utakachopata ni kile kile kwa maumivu mapya. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kamati ya maadili ya chuo chako itakuuliza faida ni ipi. Ukisema "kujifunza" watakuambia kuna video. Panya wa sokoni ulioniulizia baadaye usiwaguse: homa ya mgunda iliyoua watu Lindi mwaka 2022 inabebwa na mkojo wa panya, na tauni Lushoto si hadithi ya zamani sana. Zaidi ya hapo hujui umri wao, ugonjwa wao wala walichokula jana, kwa hiyo namba zako zitakuwa uji.

Ukitaka hasa kufanya kazi na panya, nenda chumba cha wanyama cha chuo chenu, omba wiki moja ya kubadilisha maranda na kupima uzito. Usipime kitu kingine. Andika tu nani alikuwa zamu, saa ngapi, na panya alikuwa wapi kizimbani ulipofungua mlango: mbele au kona ya nyuma. Ukimaliza wiki hiyo utakuwa na swali la utafiti lisilohitaji umeme, na huenda likawa jipya.

Nilimtumia hivyo. Akanyamaza siku mbili, nikajua nimemchosha. Jumatano akatuma ujumbe wa sauti, anahema: ameenda, wamemkubalia, ameshaumwa. Siku ya kwanza! Kidole cha shahada, damu kidogo, ameoshwa na kupakwa dawa, na mhudumu amemcheka.

Nikamuuliza kabla ya kuingia alikuwa wapi.

"Nilipita pale nje, Kaka. Nilikula mishikaki."